Njoo Unionjee Chumvi

Jumapili, tarehe tatu Novemba. Mvua ilianza kabla ya misa ya kwanza na haikuwa na haraka. Ukungu ulikaa juu ya kibanja hata migomba ya mwisho haikuonekana, na maji yaliendelea kudondoka jani kwa jani muda mrefu baada ya mvua yenyewe kupumzika. Hatukwenda kanisani. Waliofiwa husamehewa, au ndivyo ninavyojiambia.

Jana tuliondoa matanga ya mama. Leo nyumba hii ya Kimwani imebaki na watu watatu: baba yangu, ambaye sisi tunamwita Tata kama Wahaya wengine wanavyowaita baba zao, shangazi, dada yake Tata, aliyekuja siku ya msiba na hajaondoka, na mimi, binti yake, niliyetoka Kibeta mjini Bukoba ninakoishi. Kaka yangu aliondoka alfajiri kuwahi boti ya kwenda Goziba. Alisema kule kisiwani nyavu hazijui matanga. Sikupenda alivyolisema, lakini ana watoto wa kulisha, na samaki hawamsubiri mtu amalize kulia.

Mimi shule niliishia darasa la saba. Huwa naandika mambo ya siku ili yasinipotee, na mara nyingi nikisoma tena naona nimeandika yasiyo na maana nikaacha ya maana. Leo nitajaribu kuandika lililo la maana, nalo ni hili: Tata hataki kula.

Tangu tumzike mama, anakunywa chai ya rangi na kutafuna ndizi ya kuchoma nusu, tena ile nusu anaitafuna ili tuache kumtazama. Mkanda wake ameutoboa tundu jipya kwa msumari. Asubuhi nilimwona anainuka kwenye kiti, akashika ukuta, akasimama pale kama mtu anayesikiliza redio ya jirani, kumbe anasubiri kizunguzungu kipite. Nilijifanya sijaona. Nilijiambia kwamba leo asipokula kitu chenye nguvu, kesho nitalazimika kumpeleka Bukoba, hospitali ile ile tuliyotoka na mama amefunikwa shuka. Sikutaka kumrudisha pale. Sijui kama ningeweza.

Na Tata si mtu wa kulishwa chochote. Miaka ya karibuni tumbo lake lilimsumbua mno, akakonda, akapimwa, daktari akasema mwili wake haupatani na ngano. Asile mkate, maandazi, chapati, wala kitu chochote kilichoguswa na unga wa ngano, hata kidogo. Sasa fikiria msiba. Watu wanakuja na nini? Mikate. Kila mama aliyeingia alikuwa na mfuko wa mikate, na kila mmoja alimwambia Tata, "Baba, jikaze ule hata kipande." Walimwambia kwa upendo. Mikate imejaa kwenye kabati la mama, mingine inaanza kuota ukungu, na mwenye nyumba ana njaa.

Shangazi hakuwahi kuuamini ugonjwa huo, ila hakuukataa pia. Anasema, "Ngano! Babu zetu waliijua wapi ngano? Tumbo la kaka yangu ni Mhaya kuliko yeye mwenyewe. Limekumbuka kwao, basi."

Chakula kilichobaki cha jana ni cha kuku. Nyama ya ng'ombe haikutosha, watu walikuwa wengi kuliko tulivyotegemea, ndipo wakakamatwa kuku wa mama. Sikuwepo walipokamatwa, nilikuwa mtoni. Niliporudi nikakuta manyoya uani. Aliyesalia ni mmoja tu, anayeatamia mayai chini ya kitanda cha mama, nadhani kwa sababu hakuna aliyekuwa na moyo wa kuingia chumbani mle kumtoa. Simlaumu mtu. Wageni lazima wale. Lakini niliyatazama yale manyoya yaliyolowa nikaona kama mama amekufa tena kidogo.

Asubuhi ya leo nikakagua mabaki. Kulikuwa na sufuria ya kuku wa mchuzi, nzito, imejaa zaidi ya nusu. Halafu juu ya jiko la kuni, kwenye kichanja, kulikuwa na vipande vilivyochemshwa jana na chumvi kidogo tu, vikaachwa moshini visiharibike: migongo, shingo, mabawa, mapaja machache, miguu. Kando kwenye kibakuli kilichofunikwa kwa jani la mgomba kulikuwa na firigisi. Firigisi huku kwetu ni ya mwenye nyumba. Alikuwa amewekewa jana, hakuigusa.

Nikamuuliza shangazi, "Huu mchuzi umeutia nini? Mbona mzito hivi?"

"Unga kidogo."

"Unga gani, shangazi?"

"Wee mwana, unanihoji kama karani? Unga. Wa ngano. Watu walikuwa wanaingia tu, mchuzi ukawa mwepesi kama machozi. Ulitaka niwagawie maji?"

"Je, kama Tata angekula?"

Akajifunga upya khanga yake, akaifunga mara mbili. "Hakula," akasema. "Mungu alimwona."

Niseme haki: jana shangazi alisimama jikoni tangu asubuhi akiwa na mguu uliovimba, na mimi nilikuwa nimekaa na wageni nikipokea pole. Angekumbuka vipi tumbo la mtu mmoja mbele ya watu wote wale? Nilichukua ile sufuria nikaipeleka kwa jirani mwenye watoto wengi, akaipokea kwa mikono miwili, akamimina mchuzi kwenye chombo chake, akanirudishia. Kisha nikarudi kusugua vyombo kwa majivu, mwiko na mifuniko na ile sufuria kubwa, kwa sababu unga wa ngano hung'ang'ania pembeni na daktari alisema hata hicho kidogo kinamdhuru. Shangazi alinitazama nikisugua. "Utaitoboa," akasema. Lakini akaniletea majivu mengine.

Nilianza na mifupa. Nilichambua nyama yote kwenye migongo na mapaja nikaiweka kando, mifupa na shingo na miguu nikaitia kwenye maji baridi, na tangawizi niliyoiponda kwa jiwe, na vitunguu nilivyovikata vikubwa. Nikaacha ichemke polepole kwa moto wa magogo mawili. Kuku wa kienyeji hana haraka, hata akiwa wa jana. Ilipofika mchana maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa na mafuta yakaogelea juu kama macho. Nikaitoa mifupa. Nikamenya ndizi za kupika, nyingine nikazikata vipande, nyingine nikazikwaruza kwenye lile kopo lililotobolewa kwa misumari ambalo mama alilitumia kukwaruzia, uji wake ukaingia kwenye supu na kuifanya nzito vizuri, bila unga wowote. Nikatia gimbi moja, karoti, nyanya chungu, na maharage yaliyobaki jana ambayo nilijua yamechemshwa kwa maji na chumvi tu, kwa sababu niliyachemsha mwenyewe alfajiri, kabla ya wageni. Kile kiungo cha pakiti cha kuungia mchuzi sikutia, nacho kina ngano. Mwisho nikarudisha nyama. Na firigisi, nzima.

Hapo ikabaki chumvi.

Hapa lazima nieleze jambo la kwetu, maana anayesoma anaweza asiwe wa huku. Zamani mwanamke wa Kihaya hakula kuku. Aliwafuga, aliwalisha, aliwachemsha, akawapakulia wanaume na wageni, yeye akala ndizi kwa maharage. Siku hizi wengi wanakula na hakuna wa kuwauliza. Mimi mwenyewe nilianza mjini, na nilipomwambia mama alicheka tu, akasema, "Meno ni yako." Lakini yeye hakula. Sijawahi kumsikia Tata akimkataza. Sijawahi pia kumsikia akimkaribisha. Naandika yote mawili kwa sababu yote mawili ni kweli.

Sasa, mtu asiyekula kuku ataonjaje chumvi ya kuku? Mama hakuonja hata kwa ncha ya ulimi. Kwa hiyo kila kuku alipokaribia kuiva, alisimama mlangoni mwa jiko akaita kwa Kihaya, maneno ambayo kwa Kiswahili ni kama, "Waitu, njoo unionjee chumvi." Hilo "waitu" ni la heshima na la kubembeleza kwa pamoja, silijui jina lake kwa Kiswahili. Tata alikuwa akiacha alichokuwa akifanya, akaja mpaka kizingitini. Hakuingia; jikoni hapakuwa pake. Alinyoosha kiganja, mama akamdondoshea mchuzi kwa mwiko, yeye akaupuliza, akaulamba, akatazama juu kama mtu anayekumbuka jina. Halafu akasema "bado" au akasema "imekolea". Basi. Sisi watoto tulikuwa tunaigiza, mmoja anakuwa mama, mmoja anakuwa Tata, kwa mchuzi wa matope.

Nimeolewa, nimefiwa na mume, nimeona watu wakishikana mikono barabarani mjini. Lakini nikiulizwa wazazi wangu walipendana vipi, nitasema: pale mlangoni.

Kwa hiyo leo supu ilipoiva, sikufikiri sana. Pengine ningefikiri nisingefanya. Nilisimama mlangoni nikaita maneno yale yale, kwa Kihaya, kama mama.

Tata alikuwa barazani. Kiti chake kililia, kama anataka kuinuka. Kisha kikanyamaza. Akajibu kwa sauti ndogo, "Una ulimi wako."

Nilihisi amenipiga. Nilidhani ananisuta kwa kula kuku, baada ya miaka yote hii, na siku hii. Shangazi, aliyekuwa akimenya ndizi zake pembeni, akaniwakia kwa kunong'ona, na kunong'ona kwake kunasikika mpaka barabarani.

"Umefanya nini wewe? Unamwita kwa maneno ya marehemu! Unataka ainuke akidhani ni nani?"

"Nilitaka aje ale."

"Mwite kwa jina la chakula basi! Sema, 'Tata, chakula.' Mnasoma mjini mnarudi hamjui hata kuita."

"Darasa la saba, shangazi, nimesoma wapi?"

"Hilo hilo lilitosha kukuharibu."

Ningejibu, na jibu lingekuwa baya, lakini fimbo ya Tata ilisikika uani ikigonga mawe, ikitafuta pasipo na matope. Alikuja chini ya mvua bila kofia. Akasimama kizingitini, pale pale. Hakunyoosha kiganja. Alishika fimbo kwa mikono yote miwili.

"Msigombane kwa ajili yangu," akasema. "Nilisema una ulimi wako, nilimaanisha hivyo tu. Usiniite kuonja. Mimi sijui chumvi."

Shangazi akasema, "Kaka, wewe ndiye..."

"Sijui chumvi," akarudia. Ndipo akatueleza jambo ambalo hakuwa amelisema tangu tutoke hospitali.

Ile asubuhi ya mwisho mimi nilikuwa nimerudi Kibeta kupika uji. Muuguzi alimwambia Tata kwamba mgonjwa anahitaji supu ya kuku, apate nguvu. Tata akajibu, "Huyu hali kuku." Muuguzi, binti mdogo, akasema, "Basi leo ale." Tata akatoka mpaka kwa mama mmoja anayepikia wagonjwa nje ya geti, akanunua supu, ya kuku mtupu asiye na unga, aliuliza. Akaionja pale pale, kwenye kiganja. Akaona imekolea. Akaipeleka.

"Nikamwambia," Tata akasema, "'Nimekuonjea maisha yote. Leo jionjee.' Nilidhani atakataa. Akanitazama. Akafungua mdomo kama mtoto anayepokea komunyo ya kwanza."

Mvua ilikuwa ikimchuruzika kichwani na hakuna kati yetu aliyemwambia aingie, kwa sababu jikoni hapakuwa pake.

"Akasemaje?" shangazi akauliza.

"Alikaa nayo mdomoni. Akameza. Akasema, 'Haijakolea.' Halafu akacheka. Akasema, 'Ndiyo hii mliyokuwa mnatuficha?'"

Shangazi akaguna, kicheko kilimtoka kabla hajakizuia, akajiziba mdomo kwa khanga. Mimi pia nilicheka. Ilikuwa sauti ya mama kabisa. Tata hakucheka.

"Akasema amechoka, ataendelea baadaye. Nikafunika. Baadaye haikuja." Akaitazama fimbo yake. "Maisha yote namwambia imekolea, imekolea, naye ananiamini, anawapakulia watu. Ameonja mara moja. Na ile mara moja haikuwa na chumvi, na niliyeona imetosha ni mimi."

Nilifikiri kumwambia kwamba ulimi wa mgonjwa haupimi, kwamba hata maji humwia machungu, na pengine supu ile ilikuwa sawa. Hilo linaweza kuwa kweli. Nilifikiri pia kwamba pengine Tata ulimi wake ulizoea chumvi pungufu tangu zamani, na sisi sote tukakulia humo. Hilo nalo linaweza kuwa kweli. Aliyeweza kuamua kati ya hayo mawili tumemzika.

Shangazi ndiye aliyezungumza. "Alicheka, siyo?"

"Alicheka."

"Basi hakuondoka na njaa ya kujua." Akaendelea kumenya ndizi zake.

Nilimwona Tata anayumba, akaegemea mwimo wa mlango, na ile hofu yangu ya asubuhi ikarudi. Nikasema, "Tata, kula kidogo tu. Hakuna ngano. Nimesugua vyombo vyote."

"Najua. Nilikusikia unasugua." Akapumua. "Onja wewe. Kisha uniambie."

Nikachota kwa mwiko wa mama nikajidondoshea kiganjani. Nikapuliza. Nikalamba. Nikatazama juu, sijui kwa nini, paa lina masizi tu.

Haikuwa imekolea.

Nilijua kabisa nikisema imekolea atakula na mambo yataisha, na nikisema neno lile lingine, ni neno la mama, litamkuta pale pale anapoumia. Nikaonja tena, labda nimekosea. Ndizi hunyonya chumvi, mtu anajua hivyo halafu anasahau. Nikakaa na mwiko mkononi mpaka shangazi akasema, "Sasa ni supu au ni mtihani?"

"Haijakolea," nikasema.

Tata akanitazama. Macho yake yakajaa machozi, akayaacha yatiririke pamoja na mvua. Kisha akakivuka kizingiti. Sijawahi kumwona akifanya hivyo, na sidhani shangazi amewahi, maana aliinua magoti kama mtu anayepisha ng'ombe. Tata akaenda mpaka kwenye kile kibuyu cha chumvi juu ya dirisha, alijua kilipo. Akachota kwa vidole vitatu, akatia. Akauchukua mwiko mkononi mwangu, akakoroga. Akaninyooshea mwiko.

"Sasa?"

"Bado kidogo."

Akatia tena. "Sasa?"

Nikaonja. "Imekolea."

"Una uhakika?"

"Sina," nikasema. "Lakini mimi naona imekolea."

Akaketi juu ya kigoda cha mama, kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu, magoti yakamfika kifuani. Nikampakulia kidogo, nikaogopa kumpa nyingi ikamshinda. Akapuliza kila kijiko. Alipomaliza alinyoosha bakuli, nikamwongezea.

Jioni hii tulikula jikoni wote watatu, mlango umefungwa kwa ajili ya baridi. Tata alikula supu ya kuku na ndizi, mabakuli mawili, na gimbi karibu lote. Mimi nilikula hiyo hiyo. Shangazi alikula ndizi zake kwa maharage kutoka kwenye sufuria yake. Nilimkaribisha supu akasema hapana, akasema kwa upole, nami sikumsihi. Mikate hakuna aliyeitaja. Firigisi niliiweka kwenye bakuli la Tata. Aliitoa kwa kijiko, akairudisha kwenye sufuria, akafunika, kama alivyoifunika supu ya mama hospitalini.